Bilkisi na Mashine Iliyokosa Pumzi

Ukiuliza habari za Bilkisi Salumu katika mitaa ya Manika, mjini Kolwezi, watakuambia kwanza kwamba ni fundi wa friji, halafu watakuambia habari za pua yake. Kwa kuitazama, pua yenyewe ni ya kawaida tu. Lakini mwanamke huyu aliwahi kuitwa nyumba moja, akasimama mlangoni hata kabla ya kuvua viatu, akasema, "Friji yenu iko muzima. Ni waya kule nyuma ya televizio njo inaungua." Wakaivuta televisheni, wakakuta waya umekwisha kuwa mweusi. Tangu siku hiyo, jirani akihisi harufu asiyoielewa humwita Bilkisi kwanza, kabla hajafikiria kumwita mtu mwingine.

Baba yake, mzee Salumu, alitoka Kasongo akiwa dereva wa malori, akafika Kolwezi na mzigo wa mchele, akaoa, hakurudi tena. Bilkisi alisoma kemia na biolojia hadi mwaka wa nne wa sekondari. Alitaka kuwa mfamasia, na daftari zake za kemia alizifunika kwa karatasi ya maua. Mwaka ule baba akaanguka na lori kwenye mteremko, akavunjika nyonga, na msichana akaenda kufanya kazi kwa fundi mmoja wa friji, kufagia na kushika taa. Mwaka wa pili alikuwa anafungua kompresa mwenyewe. Fundi alipozeeka, alimwachia karakana pamoja na ile taa.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu. Mume wake, Asani, anauza matairi sokoni, mtu mpole anayependa chai yake iive polepole juu ya makaa. Watoto wao wanne wamekwisha kuwa wakubwa. Na miaka mitatu iliyopita, kituo kimoja cha afya pembezoni mwa mji kilimwajiri atunze friji za chanjo. Friji zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa umeme wa mji, ambao ulikuja na kuondoka bila kuaga.

Ndipo mwezi wa pili mwaka jana ikaletwa mashine.

Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, rangi ya kijivu, na haikuwa na sauti wala moshi. Iliwekwa kwenye kibanda cha wavu nyuma ya wodi ya wazazi. Upande mmoja iliunganishwa na mitungi ya hidrojeni. Upande wa pili ilikuwa na feni iliyovuta hewa ya nje. Hidrojeni ikikutana na oksijeni ya hewa ndani ya mashine, unatoka umeme, wati elfu tano, na kwenye mrija mdogo chini yanadondoka maji ya uvuguvugu. Basi, hakuna kingine.

"Ni maji safi?" Bilkisi aliuliza siku ya kwanza.

"Safi kabisa," alisema Godefroid Kabeya, mhandisi wa kampuni iliyoleta mashine, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyetoka Lubumbashi na viatu vyeupe.

Bilkisi akakinga kiganja, akanywa. Tata Mulumba, mzee aliyekuwa muuguzi mkuu wa kituo, karibu azimie.

"Mama Bilkisi! Vile njo unafanya mbele ya bagonjwa?"

"Hayana ladha, Tata. Ata ya chumvi, ata ya chuma. Ni maji ya mwanzo wa dunia."

Mkataba ulisema wazi: kazi ya kituo ni kubadilisha mitungi, kusafisha chujio la vumbi, na kuandika kila siku namba zinazoonekana kwenye kioo. Hakuna anayeruhusiwa kufungua mashine wala kuongeza kitu. Bilkisi alitia sahihi, na kwa kuwa alishindwa kuandika namba peke yake bila maelezo, alinunua daftari kubwa na kuongeza safu yake mwenyewe iliyoitwa "Mengine". Humo aliandika kila kitu: mvua imenyesha, mama fulani amejifungua mapacha, kuku ameingia kibandani.

Mitungi ililetwa kila wiki mbili na Ibrahim, mdogo wake, mwenye gari dogo la mizigo. Ibrahim aliwahi kusafirisha simenti, mbuzi, majeneza, na mara moja piano ya kanisa, bila hofu yoyote. Mitungi hii ilimtoa jasho. Aliendesha polepole hadi pikipiki za taksi-moto zikampigia honi.

"Yaya," alimwambia dada yake kila mara akishusha, "hii ikilipuka, batu batasema Ibrahim alikuwa mutu muzuri, na itakuwa imeisha vile tu."

"Haitalipuka. Na hakuna mwenye atasema vile."

Miezi minne ikapita vizuri. Umeme wa mji ulipokatika, mashine ilishika kazi kabla taa hazijapepesa. Chanjo zilikaa kwenye baridi yake. Wakunga waliacha kushika tochi kwa meno.

Mwezi wa sita, namba zikaanza kushuka. Kwanza elfu nne na mia nane. Kisha elfu nne na mia tatu. Zilipanda tena, Bilkisi akapumua, zikashuka zaidi. Katikati ya mwezi wa saba mashine ilifika elfu tatu na mia moja, na Tata Mulumba alilazimika kuchagua kati ya friji na taa za chumba cha kujifungulia. Alichagua taa. Bilkisi alikimbiza chanjo zote kwenye makasha ya barafu, akakaa nazo kama mtu anayelinda mayai.

Simu ya Godefroid haikukawia, kwa kuwa kule Lubumbashi kompyuta yake ilimwonyesha namba zilezile.

"Mama Bilkisi, mi naona hapa ku ordinateur yangu, mashini inashuka. Muliifungua?"

"Ingénieur, mi minafunguaka friji. Hiyi yenu sijaigusa. Minaiangaliaka kama mutoto wa mwenzangu."

"Basi ni vumbi. Filtre ya vumbi mulibadilisha?"

"Jana. Na juma iliyopita. Na ile ya mbele yake."

"Mitungi je? Pengine hidrojeni si safi."

Wakabadilisha mitungi. Ibrahim akatoka jasho safari mbili badala ya moja. Namba hazikubadilika. Godefroid akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, mashini kama hii iko mu inchi mingi, inafanya kazi muzuri. Hapa kwenu tu njo iko na shida. Unaelewa kile minataka kusema?"

Bilkisi alielewa. Alikata simu, akasafisha chujio ambalo halikuwa na vumbi, akalirudisha, akalitoa, akalisafisha tena. Miaka ishirini na zaidi amefungua mashine za watu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameharibu.

Barua ikaja wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Ilikuwa ya adabu sana. Ilisema kwamba, "kwa kuzingatia mazingira ya matumizi," mashine ingehamishwa baada ya wiki nne kwenda kituo kingine, mji mwingine. Tata Mulumba aliisoma mara mbili, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Bon," alisema. "Tutarudilia tochi."

Bilkisi alikwenda kibandani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari lake. Hakujua anatafuta nini. Alisoma namba za mwezi wa sita na wa saba, kisha kwa kuchoka akaanza kusoma safu ya "Mengine", kwa kuwa ilikuwa na mapacha na kuku. Hapo ndipo alipoona. Tarehe kumi na mbili: "Asubuhi harufu ya kiberiti." Namba imeshuka. Tarehe kumi na tatu: "Kiberiti tena, koo linakwaruza." Imeshuka zaidi. Tarehe kumi na saba: "Hewa nzuri, mashuka ya wazazi yanapepea kuelekea barabarani." Imepanda kidogo. Tarehe ishirini na moja: "Mashuka yanapepea kuelekea kanisani. Kiberiti."

Mashuka yakipepea kuelekea kanisani, maana yake upepo unatoka upande wa mashariki, kama ilivyo mara nyingi wakati wa kiangazi, na upande huo, mbele kidogo ya reli, kulikuwa na kiwanda cha asidi ya salfa.

Alisimama haraka, ndoo ikabingirika. Kila mtu pale mjini anaijua harufu ile, kama ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Watu wanakohoa, wanafunga madirisha, wanaendelea na kazi. Bilkisi aliinusa, akaiandika, na hakuwahi kufikiria kwamba ile feni ya mashine nayo inaivuta, mchana kutwa, bila dirisha la kufunga.

Lakini harufu kwenye daftari si ushahidi kwa mtu aliyeko Lubumbashi na ordinateur. Ilibidi hewa hiyo ionekane kwa macho. Na hapo, baada ya miaka ishirini na sita, kemia ya zile daftari za maua ikamrudia.

Alinunua maua makavu ya bisapu sokoni, yale ya kutengenezea kinywaji chekundu, akayachemsha. Akatia matone machache ya maji ya majivu, na ule wekundu ukageuka kijani cha giza chenye ubuluu. Asidi ikiingia, alikumbuka, rangi itarudi nyekundu. Akachukua kompresa ya friji iliyokufa, akaifunga pamba mbele ya mrija isiteme mafuta, akaielekeza ivute hewa ya kibandani na kuisukuma kwa mapovu ndani ya chupa.

Siku ya kwanza mashuka yalipepea kuelekea barabarani. Chupa ikabaki kijani kutwa nzima. Siku ya tatu upepo ukageuka. Kufikia saa nane mchana chupa ilikuwa nyekundu kama juisi ya harusi.

Wakunga walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama inanyweka.

Bilkisi akaendelea. Kama hewa ni chafu, itachujwa vipi? Vumbi lilikuwa na chujio, lakini gesi inapita kwenye kitambaa kama mtu anavyopita kwenye mlango uliofunguliwa. Alikumbuka makaa: yananyonya harufu, hata ndani ya friji watu huyaweka. Na asidi inataka kitu cha kuituliza. Kwa hiyo alipondaponda makaa mpaka yakawa saizi ya punje za mahindi, akavaa glavu, akayalowesha kwenye maji yenye soda kali wanayotumia wapika sabuni, akayaanika juani. Akayajaza kwenye ndoo yenye kifuniko, akatoboa tundu la kuingilia hewa chini na la kutokea juu.

Asani alirudi kutoka sokoni akakuta jiko halina kitu.

"Mama, makaa iko wapi?"

"Inaanikwa."

"Makaa inaanikwa?" Asani alitazama juu ya bati, akaona makaa yake yametandazwa kama dagaa. "Na chai?"

"Leo tutakunywa maji."

Sasa alikuwa na chupa mbili. Moja ilipata hewa kama ilivyo, nyingine ilipata hewa iliyopita kwenye ndoo. Siku ya upepo wa kiwanda, chupa ya kwanza ikawa nyekundu kabla ya mchana. Ya pili ilifika jioni ikiwa bado kijani. Bilkisi aliziweka pamoja juu ya ukuta, akarudi nyuma hatua tano, akacheka peke yake hadi Tata Mulumba akachungulia dirishani.

Ibrahim alipoleta mitungi na kuziona zile chupa, alitaka mambo yaishe siku hiyohiyo.

"Yaya, funga hiyo ndoo ku mashini! Unangojea nini?"

"Nilitia sahihi kwamba siongeze kitu."

"Balisha kukuita mwaribifu. Sasa unaogopa nini tena?"

"Njo ile minaogopa," alisema Bilkisi. "Leo banasema uongo juu yangu. Nikifunga hii ndoo, kesho itakuwa kweli."

Badala yake akampigia Godefroid. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kutoka mashuka hadi makaa.

"Bisapu?" alisema Godefroid hatimaye.

"Bisapu."

"Mama Bilkisi, vraiment..."

"Ingénieur, usicheke bado. Kuya kwanza, uone kwa macho yako. Kiisha, kama unataka kucheka, mi mwenyewe nitakuletea kiti."

Godefroid alikuja, labda kwa sababu ya haki, labda kwa sababu ilimpasa kuja kuikagua mashine kabla ya kuihamisha. Alifika siku ya Jumanne kwa basi, na viatu vyeupe vilevile. Bilkisi alikuwa ameandaa chupa mpya, kijani safi, na mashuka ya wazazi yalikuwa yamening'inia kwenye kamba. Yalipepea kuelekea barabarani.

Walikaa. Walikunywa chai. Godefroid alifungua ordinateur yake, akatazama namba, akatazama chupa. Chupa ilibaki kijani saa nne, saa sita, saa tisa. Hewa ilikuwa tamu kama ya mlimani. Hata mashine, kwa ukaidi wake, ilipanda hadi elfu tatu na mia sita.

"Upepo unakataa tu," alisema Bilkisi.

"Mama, ulijikaza sana. Nitaandika mu raporo kwamba ulijikaza." Alisema kwa wema, na wema huo ulimchoma Bilkisi kuliko lawama zote za simu. "Kesho saa tatu asubuhi basi yangu inaondoka."

Bilkisi alirudi nyumbani akapika bila kuonja. Asani, ambaye chai yake ilikuwa imerudi, alimtazama mkewe, akasema tu, "Upepo hausomake barua ya muntu, mama," akamsogezea kikombe.

Asubuhi alitoka uani kumwagia mboga maji, na kabla hajainamisha ndoo, ikamfikia. Kiberiti. Si kidogo, ilikuwa imejaa, inakwaruza nyuma ya koo. Jirani alikuwa anafunga dirisha. Bilkisi aliitazama saa ya simu: saa tatu kasoro dakika ishirini. Alipiga namba ya Godefroid. Simu ilikuwa imezimwa. Akasimamisha taksi-moto akiwa na kanga ya kazi na ndala za bafuni.

"Ku basi za Lubumbashi, mbio!"

"Ya saa tatu? Haina nafasi tena, mama."

"Sitaki kupanda. Nataka kushusha mutu!"

Walifika basi likiwa limekwisha kutoka kituoni, linapanda taratibu kuelekea barabara kuu. Mwendesha pikipiki, ambaye sasa alikuwa amelichukulia jambo kama lake, aliongeza mwendo, akalipita basi, akasimama mbele yake kabisa na kuinua mkono kama askari. Dereva alifunga breki akitukana kwa lugha tatu. Bilkisi akapanda ngazi.

"Ingénieur Kabeya! Shuka! Harufu iko!"

Abiria wote wakanusa kwa pamoja. Godefroid, kwenye kiti cha tano, akiwa amekumbatia begi, naye alinusa. Bilkisi aliona uso wake ukibadilika.

"Kweli," alisema polepole. "Ni soufre, ile salfa."

"Basi shuka!" alipiga kelele dereva. "Mutu mukubwa anaitwa vile, anakala tu?"

Walirudi watatu kwenye pikipiki moja. Kituoni mashuka yalikuwa yamenyooka kuelekea kanisani, na Tata Mulumba alikuwa amesimama karibu na chupa akiwa ameshika saa. Godefroid aliketi mbele ya mashine bila hata kuvua begi, akaunganisha ordinateur, wakaangalia mstari ukishuka. Elfu tatu na mia tano. Mia nne. Mia mbili. Chupa iliingia zambarau, ikaingia wekundu. Mtu hakuhitaji kusoma kemia ili aone kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

"Mama Bilkisi," alisema Godefroid, "ile ndoo yako iko wapi?"

Aliikagua kwa nusu saa. Alisifu makaa, lakini akasema vumbi la soda likiingia ndani litaharibu utando wa mashine, kwa hiyo wakaweka kwenye tundu la juu machujio mawili ya karatasi na kupuliza hewa ndani ya ndoo mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa mbele ya tundu ikabaki nyeupe. Ndipo yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akafunga bomba la ndoo kwenye mdomo wa feni. Mstari uliacha kushuka.

Haukupanda, lakini uliacha kushuka. Baadaye alianza kazi nyingine: akapunguza mzigo wa umeme, akaikatia mashine hewa kwa sekunde chache, akairudishia hewa safi yenye unyevu, akakata tena, akarudisha. Alifanya hivyo mara nyingi, na wakati wa kungoja alimweleza Bilkisi kile ambacho hakuna aliyewahi kumweleza.

Ndani mle, alisema, kuna platini. Si kipande cha kushika. Ni punje ndogo ajabu zilizotapakaa juu ya kaboni. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa punje elfu ishirini zilizopangwa. Platini ni adimu, ndiyo maana inafanywa ndogo namna hiyo, ili kwa kiasi kidogo kuwe na uso mkubwa. Oksijeni ya hewa inakuja ikiwa atomu mbili zimeshikana sana. Inatua juu ya punje, platini inalegeza ule mshiko, hidrojeni inaungana nayo, yanakuwa maji, yanaondoka, na nafasi inabaki wazi kwa oksijeni nyingine. Mamilioni ya mamilioni ya mara, kila sekunde.

"Na soufre?" aliuliza Bilkisi.

"Soufre inafika, inaikala, haiondokake."

"Kumbe iko sawa na mugeni wa kuikala mu kiti bila kuangalia saa."

"Njo vile. Na oksijeni inasimama ku mulango."

"Sasa unafanya nini na hii kukata hewa?"

"Minaondosha bagonj... minaondosha bageni." Ulimi ulimteleza kwa uchovu, wakacheka wote wawili.

Jioni, kabla jua halijagusa mapaa, kioo kilionyesha elfu nne na mia sita. Godefroid alisema haitafika tena elfu tano. Punje nyingine zilikuwa zimeharibika moja kwa moja. Kisha akasimama, akajipangusa mikono, akazungumza kwa Kifaransa kwanza, akaacha, akaanza upya kwa Kiswahili.

"Mama, hii mashini baliipima mu inchi ya hewa safi. Baliweka filtre ya vumbi, juu balisikia kwetu iko vumbi. Hakuna mwenye aliuliza juu ya gesi. Mi nilisomaka kama soufre inaharibu platini. Nilikuwa na ile mu kitabu. Na nilikusingizia we. Unisamehe."

Bilkisi alikuwa na maneno aliyoyatayarisha wiki tatu, tena makali. Alipoyatafuta hakuyaona.

"Bon," alisema. "Lakini viatu yako imekuwa nyeusi."

Mashine haikuhamishwa. Kufikia mwezi wa kumi na moja ndoo ya makaa ilikuwa imekuwa kasha la chuma lenye milango, lililotengenezwa vizuri, na vituo vingine vitatu vyenye mashine kama ile katika ukanda huu wa shaba vilipewa kila kimoja kasha lake. Bilkisi huenda kuwafundisha wahudumu namna ya kubadilisha makaa na namna ya kuandika. Anasisitiza ile safu ya "Mengine". Wengine huiona ni mchezo, naye huwaacha waione hivyo wiki ya kwanza. Cheo chake sasa kwenye karatasi ni fundi wa nishati. Asani ameiweka karatasi hiyo kwenye fremu na kuitundika dukani, katikati ya matairi, ambako wateja hudhani ni leseni yake.

Kuna jambo moja halikumalizika. Siku Godefroid alipoondoka, Bilkisi alipita kwenye wodi ya wazazi, akaona watoto wachanga watano wamelala kwa mstari, na dirisha liko wazi upande wa mashariki. Akalifunga. Kisha akamfuata Tata Mulumba ofisini.

"Tata, mashini haina mapafu, na hii hewa imeichosha. Sasa shiye batu?"

Tata Mulumba alifungua rejista ya wagonjwa. Walianza kulinganisha, ukurasa kwa ukurasa: siku za chupa nyekundu na siku ambazo watoto wenye kikohozi walijaa barazani. Kamati ya afya ya kituo ikalipeleka daftari kwenye mkutano wa wakubwa wa mji pamoja na chupa mbili. Wakubwa walizungumza muda mrefu. Kiwanda kilituma mtu, akachukua picha za chupa, akauliza maswali ya maana, akaahidi kipimo cha hewa kitakachofungwa uani. Kipimo kimekwisha kufika, hakijafungwa. Bilkisi hupiga simu kila Jumatatu kuuliza, kwa adabu, na yule anayepokea sasa anaijua sauti yake.

Kwa sasa chupa zinazopata hewa kama ilivyo, zikijazwa upya kila asubuhi, ziko juu ya ukuta, na wanawake wanaokuja kliniki wamejifunza kuzisoma. Zikiwa kijani, hukaa nje na watoto wao, wakisubiri kupima uzito na kusimuliana. Zikianza kugeuka, mmoja husema, "Tuingie," na wote huinua mikeka na kuingia ndani, madirisha ya mashariki yakifungwa moja baada ya jingine.